Eti vyuo vya zamani wanafunzi walikuwa na adabu?

Karibuni tena kona ya maswali. Safari hii barua nyingi zimekuja na mada moja, vyuo, fujo na adhabu, nadhani ni huu msimu wa matokeo watu wana hasira. Nimezipanga pamoja, zilizobaki za mambo ya viwanja na mirathi tutazijibu toleo lijalo, msininunie.

Anko habari za kazi. Mimi ni mama naishi Mbagala, kijana wangu yuko mwaka wa pili chuo sitakitaja. Juzi kati umeme ulikatika hosteli wakaanza kupiga madebe na kelele, katika fujo hiyo mtu akavunja kioo cha ofisi ya wadeni. Asubuhi korido nzima wakaambiwa mtajeni aliyevunja, wakakaa kimya, wote wamesimamishwa semesta nzima. Baba mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, anasema kizazi hiki kimeoza, eti vyuo vya Wazungu vya miaka ya 1800 mwanafunzi alikuwa anasimama mwalimu akipita na upuuzi kama huu haukuwepo. Mimi roho inaniuma, kosa la mmoja wamelibeba wote. Ni kweli zamani haya hayakuwepo? – Mama J, Mbagala

Pole sana Mama J, na mzee msalimie, mwambie namwamkia. Najua wewe ni mkwe huwezi kumwambia mzee hapo umekosea, kwa hiyo mpe tu ukurasa huu ausome mwenyewe akishakula.

Hapo kwenye kusimama mwalimu akipita mzee kasema kweli. Vyuo vya Marekani vya wakati ule vilikuwa vinaendeshwa kama bodingi, vijana wengine wana miaka 15 au 16, kengele inalia bado giza, wanaingia kanisani kusali, wakitoka hapo darasani kukariri mstari kwa mstari mbele ya mwalimu ambaye usiku kazi yake nyingine ni kuzunguka mabwenini kunusanusa nani kanywa na nani anacheza karata. Sheria kibao, faini kibao. Sasa chukua watoto wa matajiri ambao nyumbani hawajawahi kuambiwa hapana wafungie humo, unategemea nini? Princeton mwaka 1807 walisimamishwa wanafunzi watatu, wenzao wakaandika barua ya kuwatetea, chuo kikaanza kuita majina mmoja mmoja kila mtu aseme kama anaikana ile barua au la, basi wakainuka wakatoka nje kwa makelele, na mwisho wa siku wakasimamishwa zaidi ya 100 kwenye chuo chenye wanafunzi kama 200 tu. Nusu ya chuo mama!

Lakini stori ninayotaka mzee aisome taratibu ni ya chuo kikuu cha Virginia. Hiki alikianzisha Thomas Jefferson, yule rais wa tatu wa Marekani, kikafunguliwa 1825, na yeye mzee alikuwa na wazo lake kwamba vijana wakipewa uhuru watajiongoza wenyewe bila kubanwabanwa. Hata mwaka haujaisha, ikafika mwanzoni mwa Oktoba, wanafunzi wakavaa barakoa usiku, mmoja akarusha chupa ya mkojo ikapasua dirisha la profesa, kesho yake wakaendelea, wanapiga kelele hatuwataki maprofesa wa Ulaya, maprofesa wawili wakatoka kwenda kuwatuliza wakaishia kurushiwa mawe. Uongozi ukasema haya watajeni. Na wenyewe wakajibu kwa maandishi, sahihi 65 kwenye karatasi, kwamba hatumtaji mtu na tena kosa ni la maprofesa. Unaona Mama J, korido ya mwanao haikugundua kitu kipya hapo.

Ikaitwa bodi ya chuo. Jefferson ana miaka 82, mgonjwa, miezi tisa baadaye alifariki, anasimama mbele ya wale vijana, pembeni yake kuna James Madison ambaye naye aliwahi kuwa rais. Akaanza kusema hii ni moja ya siku chungu kabisa maishani mwake, halafu maneno yakamkwama, akashindwa kuendelea, akakaa chini, mjumbe mwenzake akaongea badala yake. Hapo ndo vijana wenyewe wakaanza kujitokeza. Walipojitokeza ikagundulika mmoja wa vinara ni ndugu yake wa damu Jefferson, na inasemekana mzee alipomwona yule machozi yakageuka hasira. Akafukuzwa pamoja na wenzake wawili.

Kilichofuata ni kawaida ya uongozi wowote ulioaibishwa, sheria zikakazwa, wanafunzi wakavalishwa yunifomu, kuamka alfajiri lazima, hata hela za matumizi wakatakiwa kukabidhi kwa ofisa wa chuo (fikiria leo mtu amkabidhi wadeni bumu lake lote). Ikasaidia? Mwaka 1836 wanafunzi wakaliamsha upya kwa ajili ya kikosi chao cha kijeshi na bunduki zao, na kila ilipofika kumbukumbu ya fujo hizo wakawa wanavaa barakoa na kufyatua risasi uwanjani. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1840 profesa wa sheria, John Davis, akatoka nje kuangalia nani anapiga risasi, akajaribu kumshika mmoja amvue barakoa, yule kijana akamtandika risasi ya tumbo. Siku mbili baadaye akafariki, na hakukubali kumtaja jina aliyempiga. Safari hii wanafunzi wenyewe ndo waliosaidia kumkamata mwenzao.

Miaka miwili baada ya hapo, 1842, chuo kikaja na utaratibu mwingine, kwamba kwenye mtihani kila mwanafunzi anaandika kiapo cha heshima chini ya karatasi yake kwamba hakusaidiwa na mtu, anaaminiwa, na baadaye ikawa akidanganya wenzake ndo wanaomhukumu. Utaratibu huo umekuwa ukibadilikabadilika ila haujafa mpaka leo. Mimi kwa maoni yangu hapo ndo uongozi ulianza kutumia akili, maana tangu 1825 walikuwa wanapambana na kitu kimoja tu, kumlazimisha kijana awe mnoko, na kijana wa miaka 17 afadhali arudi kijijini kuliko kuitwa mnoko. Kiapo cha 1842 hakikumwambia mchome mwenzako, kilimwambia jina lako na la chuo ni kitu kimoja, ukidanganya umetuchafua wote.

Nisije nikawapamba sana hao vijana lakini. Wengi walikuwa watoto wa wenye mashamba ya watumwa, na chuo chenyewe kiliendeshwa kwa kazi ya watumwa, kupika, kufua, kukata kuni. Kumbukumbu za chuo zimejaa kesi za wanafunzi kuwapiga watu hao, na adhabu zake zilikuwa za kuchekesha ukilinganisha na aliyekutwa na chupa ya pombe. Heshima wanayoiapia hapo ilikuwa na watu wake.

Turudi kwa mwanao. Kesi inayofanana zaidi na yake ni Yale mwaka 1830. Wanafunzi wa mwaka wa pili walizoea kwenye hesabu za mikato ya koni kueleza huku wanaangalia mchoro kitabuni, mwaka ule wakaambiwa mchoro chora mwenyewe ubaoni kwa kichwa. Wakagoma kama darasa, wakasaini pamoja wakijua hawawezi kufukuzwa wote. Wakafukuzwa zaidi ya 40 kwenye darasa la watu wasiofika 100, tena Yale ikaviandikia vyuo vingine majina yao wasipokelewe. Harvard nako 1823, mwaka wa mwisho, zimebaki wiki chache wahitimu, darasa likagawanyika kati ya wagomvi na wale walioonekana kuungana na uongozi, wakatimuliwa 43 kati ya 70, mmoja wao mtoto wa John Quincy Adams aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Baba alimwandikia mkuu wa chuo kumwombea, wapi. Walikuja kupewa digrii zao 1873, miaka hamsini baadaye, na huyo kijana wa Adams alikuwa amekufa zamani.

Na kama mzee atasema hao ni Wazungu, mkumbushe Oktoba 1966 hapahapa Dar, wanafunzi walipoandamana mpaka Ikulu kupinga sheria ya kujiunga na JKT, Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata. Mzee kama alikuwa kazini miaka hiyo anaikumbuka vizuri tu, labda kaamua kusahau.

La kufanya sasa, chukua barua ya kusimamishwa uisome vizuri, imeandika kosa gani? Kama imeandika kuvunja kioo na mwanao hakuvunja, akate rufaa kwa kosa hilo. Kama imeandika kukataa kutoa ushirikiano, hiyo ni hoja nyingine, waombe sheria ndogo za wanafunzi muone kipengele chenyewe kinasemaje na adhabu yake ni ipi. Angalia na tarehe ya mwisho ya rufaa maana hapo ndo wengi wanakwama. Aende yeye mwenyewe kwa mshauri wa wanafunzi, wewe msindikize mpaka mlangoni tu.

Shikamoo anko. Mshkaji wangu anabisha eti vyuo vya Ujerumani vilikuwa na jela ndani ya chuo, mwanafunzi anafungwa halafu anatoka anaenda lekcha. Ni kweli au ananipiga kamba? Na kama kweli, mbona huku kwetu hao Wajerumani walikuja na viboko tu? – Kijana wa Mabibo

Marahaba kijana. Hakupigi kamba, iliitwa Karzer, vyuo vingi vya Ujerumani vilikuwa nayo, maarufu zaidi ni ya Heidelberg iliyotumika mpaka 1914. Chuo kilikuwa na mahakama yake, polisi wa mji akimkamata mwanafunzi usiku kalewa anaimba barabarani au anazima taa za mtaani, anamkabidhi chuoni na chuo ndo kinamhukumu. Makosa madogo siku chache, makubwa mpaka wiki nne. Na ndio, ruksa kutoka kwenda darasani ukarudi. Chakula kilikuwa kibaya siku za mwanzo, baadaye unaweza kuagiziwa cha nje, marafiki wanakutembelea, yaani ilifika mahali mwanafunzi anaona aibu kumaliza chuo bila kulala humo. Walichora kuta zote kwa masizi ya mishumaa na rangi, picha zao za kivuli, majina, tarehe, na leo hii watalii wanalipa kiingilio kwenda kuona huo uchafu.

Göttingen nako kuna mlango wa Karzer una jina limechongwa na mwanafunzi mmoja mgomvi aliyesoma pale 1832 na 1833, mpenda bia na kupigana kwa mapanga. Jina ni Bismarck. Huyuhuyu aliyekuja kuwa kansela, aliyeita ule mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na ambaye serikali yake ndo ilimpa Carl Peters hati ya kuchukua nchi yetu. Na Peters mwenyewe naye alipita Göttingen kabla hajamalizia Berlin.

Sasa swali lako la pili ndo zuri zaidi. Mwanafunzi wa Kijerumani akifanya fujo analazwa chumbani na mshumaa na bia anachora ukutani, akitoka ni shujaa. Babu zetu chini ya bendera hiyohiyo kosa dogo tu, kuchelewa kazini, kumjibu bwana, ni hamsa ishirini, na mpaka leo wazee wetu wakisema hamsa ishirini hakuna anayeuliza ya nini, ni viboko 25 vya kiboko halisi, ngozi ya mnyama. Hao jamaa hawakuwa hawajui adhabu nyingine, walikuwa nayo nyumbani, tena yenye huruma. Waliamua ile ya huruma ni ya watoto wao. Peters huko Kilimanjaro alinyonga hadi watu, huku wakamwita Mkono wa Damu, na adhabu yake ilipokuja 1897 ilikuwa kuachishwa kazi. Mshkaji wako mwambie kashinda ubishi ila hiyo ya mwisho muongezee.

Anko naomba kuuliza, je ni kweli kuna chuo cha jeshi Marekani walipigana kisa pombe ya Krismasi? – Msomaji, Kinondoni

Kweli, West Point, usiku wa kuamkia Krismasi ya 1826. Mkuu wa chuo, Sylvanus Thayer, alikuwa kapiga marufuku pombe, vijana wakaingiza wiski kwa magendo watengeneze kinywaji chao cha maziwa na mayai. Kufika alfajiri madirisha yamevunjwa, viti vimevunjwa, ofisa mmoja kakimbizwa kwa panga la kijeshi. Waliohusika kwa namna moja au nyingine kama 70, waliofikishwa mahakama ya kijeshi ni makadeti 19. Nafikiri Thayer alipiga hesabu kwamba akiwashtaki wote atabaki na chuo kitupu. Jefferson Davis, aliyekuja kuwa rais wa majimbo ya kusini yaliyojitenga, alikuwepo kwenye sherehe ila aliamriwa kurudi chumbani akatii, ndo ikawa pona yake.

Kantini yetu maharage yana wadudu na tukilalamika tunaambiwa tuna deko. – Wengi, hosteli moja Ubungo

Harvard waligomea siagi iliyooza 1766, wakagomea kabichi iliyooza 1807. Yale 1828 wakagomea chakula kizima. Pigeni picha hayo maharage yakiwa na wadudu, peleka kwa maandishi, wekeni nakala. Meza msipindue.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Temeke. Naomba kujua vyuo vya karne hiyo vilitumia viboko? Maana wenzangu ofisini wanasema bila fimbo hakuna shule. – Mwalimu wa Temeke

Mwalimu, vyuo vya Marekani vilikuwa vimeshaacha kuchapa tangu miaka ya 1700. Walichokuwa nacho 1800 ni faini, kuonywa mbele ya watu kanisani, barua kwa mzazi, kusimamishwa, kufukuzwa, na moja ambayo mimi huwa inanifurahisha, kupelekwa shamba. Yaani unatolewa mjini unakabidhiwa kwa mchungaji wa kijijini ukae kwake usome chini ya macho yake miezi kadhaa, huko hamna washkaji hamna karata. Mshairi James Russell Lowell wa Harvard alipewa hiyo 1838, akatumwa Concord, hakuhudhuria hata sherehe ya darasa lake.

West Point wao walikuwa na alama za makosa, kitanda hakijatandikwa alama, kuchelewa alama, ukifikisha 200 kwa mwaka unakwenda na maji. Hapo angalau mtu anajua kabakiza ngapi.

Fimbo ilibaki Uingereza kwenye shule zao za mabwana wakubwa. Eton, mkuu wa shule aliyeitwa Keate aliwachapa wavulana kama 80 usiku mmoja mwaka 1832, fimbo mpaka mikono imchoke. Na shule hizohizo zenye fimbo ndo zilizokuwa na maasi, Winchester 1818 waliteka majengo mpaka wakaletwa askari wenye singe kwenye bunduki, kuwatoa watoto wa shule! Kwa hiyo wenzako ofisini waulize fimbo ilisaidia nini pale. Kwetu kanuni za viboko za 2002 unazijua mwalimu, visizidi vinne, na mchapaji ni mkuu wa shule au aliyemkasimu kwa maandishi. Wangapi hapo ofisini wana hayo maandishi sijui.

Anko zote hizo ni stori za wavulana. Wasichana je, walikuwa wanafukuzwa kwa makosa gani? – Neema, Sinza

Neema, sehemu kubwa ya karne hiyo vyuo vingi havikupokea wasichana kabisa, kwa hiyo humo hakukuwa na wa kumfukuza. Ila wasichana wa mjini, wasio wanafunzi, waliadhibiwa kwa niaba ya wanafunzi, na hii watu wengi hawaijui. Cambridge, chuo kilikuwa na walinzi wake wa nidhamu wanazunguka mji mzima usiku. Wakimkuta msichana anatembea na mwanafunzi na wakamshuku tu kwamba ni changudoa, wana mamlaka ya kumkamata, anahukumiwa ndani ya chuo na naibu mkuu wa chuo, mlango umefungwa, halafu anatupwa kwenye gereza la chuo lililoitwa Spinning House. Mwanafunzi aliyekuwa naye anaandikiwa kosa au anarudi zake bwenini.

Mwaka 1891 walimkamata Daisy Hopkins, msichana wa miaka 17, na kosa walilomwandikia ni kutembea na mwanafunzi wa chuo. Wakasahau kuandika kingine chochote. Wanasheria wake wakaenda mahakama kuu wakauliza, kutembea na mtu ni kosa la sheria gani? Hukumu ikafutwa. Akaenda kushtaki kudai fidia akashindwa, lakini kelele zilishakuwa kubwa magazeti yote, na 1894 bunge likawanyang'anya Cambridge mamlaka hayo. Girton, chuo cha wasichana hapohapo Cambridge, kilikuwa kimeanza tangu 1869 huko Hitchin kabla ya kuhamia hapo, wanasoma, wanafanya mtihani uleule na wavulana, ila digrii kamili hawapewi. Walianza kupewa 1948.